Kanga Juu ya Kiti Kitupu

Basi lilikuwa limeshaiacha Canterbury mbali nyuma, linafyeka barabara kuu kuelekea London, na Miraji amesimama katikati ya njia ya viti. Mkono wa kulia kashika kanga. Mkono wa kushoto kashika mkoba. Vyote ni vya mama yake. Mama mwenyewe hayumo.

Uliyekuwa nasi wiki jana unakumbuka alivyoivuta ile kanga akidhani chini yake kuna kichwa cha mtu aliyelala. Na wewe uliyelipata gazeti hili leo limefungiwa sambusa, hujachelewa. Futa mafuta usome.

Wazanzibari wa Wembley wana ada yao. Kila mwisho wa kiangazi hukodi basi wakaenda kutazama mji mmoja wa kale, wazee wapate hewa na vijana wapate picha. Mwaka huo wa 2002 zamu ilikuwa ya Canterbury, mji mkongwe wa kusini, wenye kanisa kubwa ambalo ngazi zake zimelika kwa magoti ya mahujaji, na vichochoro ambavyo mtu wa Kiponda, Unguja, akiingia husahau kuwa yuko Ulaya.

Ndani ya basi wanaume hukaa mbele, wanawake nyuma. Hakuna aliyetunga sheria hiyo, na hakuna aliyewahi kuivunja. Kiongozi wa msafara, Vuai, ndiye aelezaye mambo ya mji na ndiye ahesabuye watu. Wanaume huwahesabu kwa macho. Wanawake yeye hawatazami, ni adabu. Hupaza sauti tu, uso kauelekeza kwa dereva: "Nyuma mmetimia?" Na mwanamke mmoja hujibu kwa niaba ya wenziwe.

Siku ile aliyejibu alikuwa Haifa, mke wa Miraji.

"Tumetimia," alisema.

Hawakutimia. Na sasa basi zima limemgeukia.

"Umemwacha mama yangu," Miraji akamwambia mkewe mbele za watu.

Usishangae kwamba hakuna aliyemtetea. Wembley nzima ilijua kwamba Haifa na mkwewe, Bi Mwanabaraka, hawapikiki chungu kimoja. Miezi sita wameishi pamoja katika fleti ya vyumba viwili, na mgeni akibisha hodi alikuwa akiwakuta kila mmoja kaupa mgongo mlango wa mwenziwe. Tena kesho yake asubuhi Bi Mwanabaraka alikuwa apande ndege arudi Unguja, kwa sababu viza yake inakwisha Ijumaa. Watu wakajumlisha wenyewe.

Haifa hakulia wala hakupandisha sauti.

"Aliniambia anakaa mbele karibu yako," akasema. "Nikafurahi. Nikasema leo walau kakaa na mwanawe."

"Mimi kaniambia anakaa nyuma nanyi."

Ile kanga ilikuwa imetandwa juu ya kiti cha kwanza cha wanawake, mpakani hasa, na mkoba umewekwa chini yake. Wa mbele akitazama anamwona mama kalala. Wa nyuma akitazama anaona kiti cha mtu aliyekwenda kuzungumza na mwanawe. Miraji mwenyewe alikuwa kageuka mara mbili kuiuliza ile kanga kama haijambo. Haikumjibu, akasema mama kachoka.

Akaenda kwa dereva. Dereva alikuwa Balwinder, Singasinga mzaliwa wa Kisumu, mtu wa maneno machache na kilemba cha buluu. Miraji akamwambia ageuze.

"Ndugu yangu, hapa nikigeuza tunakufa sisi wote, na mama yako bado hajapatikana," Balwinder akasema. "Mbele kuna kituo cha kupumzikia. Nitasimama huko. Lakini kurudi Canterbury siwezi. Saa zangu za kuendesha zimebaki za kufika nyumbani tu, na hiki kidubwasha hapa kinaandika kila kitu."

Miraji akaufungua mkoba. Miwani. Tasbihi. Tambuu za kufungwa kwenye karatasi. Haifa akaja mpaka alipo, akavuka ule mpaka wa wanaume na wanawake bila kuomba radhi, akaingiza mkono akatoa kifuko kidogo chenye zipu.

Ndani mlikuwa na dawa ya sukari na sindano.

Miraji akauliza vipi mama kaacha dawa yake. Haifa akamwambia mama hakujua kuwa imo. Yeye Haifa ndiye aliyeitia asubuhi, kwa sababu yeye ndiye amchomaye, asubuhi na jioni, tangu siku aliyoshuka Heathrow. Bi Mwanabaraka anaogopa sindano, hataki hata kuiona. Hugeuza uso ukutani na kusema "bismillahi" mpaka ikishatoka.

"Achomwe saa ngapi?" akauliza Vuai.

"Kabla ya chakula cha usiku. Na mchana kala halua, nimemwona."

"Akikosa mpaka kesho?"

Haifa akafunga zipu.

Kituoni Miraji aliruka kabla mlango haujafunguka sawasawa. Simu ya Vuai ilikuwa na chaji kidogo, akampa. Akapiga polisi wa Canterbury. Mwanamke wa upande wa pili alikuwa na upole, akauliza jina, akauliza umri. Miraji akasema pasipoti imeandika tarehe mosi Januari, kama za wazee wote wa kwetu, lakini ukweli alizaliwa msimu wa karafuu. Yule akasema sawa, umri wa kukisia unatosha. Kisha akauliza mama kavaa nini.

Miraji akafungua mdomo.

"Nyeusi," akasema. "Buibui."

Na nini tena? Koti? Viatu vya namna gani?

Hakujua. Siku nzima walitembea mji mmoja, yeye mbele na wanaume akibishana habari za mpira, mama nyuma. Asubuhi walitoka mlango mmoja. Hakumtazama.

Haifa akaichukua simu mkononi mwake. Akasema sweta ya kijani, ya kwangu, kifungo cha juu hakina. Chini yake gauni la maua ya zambarau. Kanga aliyokuwa nayo tunayo sisi. Raba nyeupe. Ya kushoto kamba ilikatika asubuhi nikamfunga utepe mwekundu wa sanduku la keki. Na anachechemea mguu huo huo, lakini ukimuuliza atakwambia hachechemei.

Wanaume waliokuwa wamesimama karibu wakatazama chini. Hakuna aliyesema "umemwacha" tena.

Baada ya muda polisi wakapiga. Wametazama maegesho ya mabasi, wametazama uwanja wa kanisa, wametazama stesheni. Hayupo.

Miraji akasema anarudi mwenyewe, kwa teksi, kwa lori, kwa miguu. Akaanza kuvuka uwanja wa magari, kashika ule mkoba kama mwizi. Vuai akamfuata. Wakabishana hapo baina ya magari.

Ndipo Bi Zainab aliposhuka basini.

Bi Zainab ndiye mkubwa wa wanawake wote wa msafara ule, shoga wa Bi Mwanabaraka tangu ujana. Alikuja kutoka Leicester kwa bintiye kwa ajili ya safari hiyo tu. Njia nzima alikuwa kajifunika uso, watu wakidhani anaugua motokaa. Alishuka ngazi moja moja, akasimama, akavuta pumzi.

"Miraji, usikimbie. Mama yako hakupotea. Mama yako kaondoka."

Hapo hata Balwinder aliizima injini asikie.

Sikiliza ilivyokuwa. Mchana Vuai aliwasimamisha watu mbele ya nyumba moja kongwe iliyopinda, mlango wake umekwenda upande kama kofia ya mlevi. Akawaeleza jinsi Waingereza wanavyoitia vyuma na magogo, mwaka hata mwaka, isianguke. Watu wakacheka, wakasema hii ingekuwa kwetu ingekuwa kifusi zamani. Bi Zainab akamshika mwenziwe mkono, kwa moyo safi kabisa, akamwambia: "Pole, shoga. Hata yako ingetiwa magogo mapema isingeanguka."

Bi Mwanabaraka akamuuliza: "Yangu ipi?"

Msomaji, nyumba ya Bi Mwanabaraka pale Hurumzi, mjini Unguja, ilianguka masika ya mwaka ule ule, yeye yuko Wembley anaangalia mvua nyingine dirishani. Ukuta wa nyuma ulitangulia, dari ikafuata, na majirani wakaokoa kitanda na kabati. Simu zikaja London usiku ule ule. Wembley ikajua. Tooting ikajua. Msikitini wakaombea.

Ila mwenyewe hakuambiwa. Kwetu mtu mzima aliye ugenini haambiwi msiba hivi hivi. Huachwa mpaka afike kwao, akalishwe, apewe maji, ndipo watu wake wamwambie taratibu. Miraji alisema hivyo, na wote wakaona kasema kweli, ndivyo tulivyolelewa. Basi kila aliyekuja kumsalimu akala ndizi zake na kumsikiliza akisimulia atakavyopaka chokaa ile baraza akirudi, na kila mmoja akasema inshallah.

Basi zima lilijua. Asiyejua ni mwenye nyumba. Na Bi Zainab, aliyekuwa Leicester muda wote huo, alidhani keshaambiwa.

"Hakulia," Bi Zainab akasema. "Akaniuliza neno moja tu. Kesho narudishwa wapi?"

Miraji alikuwa na jibu la swali hilo, nalo lilikuwa baya. Alikuwa kapanga mama akakae Michenzani kwa binamu yake, ghorofa ya nne, chumba kimoja na watoto watatu. Mama mwenye mguu ule.

Bi Zainab akaendelea. Wakati wa chakula, kwenye majani chini ya ukuta wa mji, palikuwa na kundi jingine la wazee, Wahindi wa hekalu moja la Kingsbury, jirani na Wembley, nao wameletwa na basi lao kutazama. Mmoja wao akawa anasema Kiswahili, tena kile cha Mji Mkongwe wa Unguja. Bi Mwanabaraka akanyanyua shingo. Wale wawili wakatazamana, halafu wakashikana mikono wakakaa chini kama wasichana, wakazungumza kwa muda mrefu. Alipoinuka uso wake ulikuwa mwingine. Akamwambia Haifa atarudi kakaa mbele, akamwambia Miraji atarudi kakaa nyuma. Akamwomba Bi Zainab amsindikize basini kabla watu hawajarudi. Akatandaza kanga kitini, akaweka mkoba, akashuka akalifuata lile basi jingine. Akamwapisha asiseme.

"Na wewe ukakaa kimya," Miraji akasema.

"Nilimuumiza kwa mdomo wangu mara moja leo. Sikutaka mara ya pili. Lakini hii habari ya sindano mimi sikuijua, mwanangu. Naye hajui kuwa dawa imo mkobani."

Miraji akageuka, akawatazama wote madirishani, mmoja mmoja. Hakuna aliyeweza kumlaumu mwenziwe.

Balwinder ndiye aliyeiokoa safari. Lile basi la Kingsbury alilijua, na dereva wake hucheza naye karata. Akampigia. Wakasemezana Kipunjabi, Balwinder akitikisa kilemba. Kisha akaeleza. Yule keshafika zamani, keshawashusha watu wake. Ndiyo, alimwona mwanamke wa buibui, kakaa na mama Lata njia nzima, wakicheka wakilia, akadhani ni mgeni wao. Mama Lata ni mama yake Alkesh, mwenye duka la sufuria Kingsbury Road. Nyumba yao haipotei, iko nyuma ya duka, mlango wa kijani.

Vuai akasema wazee wamechoka, tufike Wembley kwanza watu washuke.

"Kingsbury kwanza," ikasema sauti ya mwanamke kutoka nyuma. Kisha ya pili. Kisha wote.

Magharibi iliwakuta kwenye barabara ya North Circular, magari yamejipanga kama siafu. Watu wakasali vitini. Miraji alisali kwenye kile kiti cha mpakani, kanga magotini. Alipotoa salamu upande wa kushoto, akakutana uso kwa uso na Haifa.

Akamwomba radhi kwa lile neno. Haifa akamwambia radhi si yake yeye. Kisha, kwa sauti ya chini, akamwambia jambo ambalo Miraji hakulitegemea. Kwamba yeye ndiye aliyekuwa akitaka mama aambiwe, tangu siku ya kwanza. Kwamba ndiyo maana hakuweza kukaa naye chumba kimoja ila wakati wa sindano, maana kila akimtazama alikuwa anataka kumwambia. Watu wakasema mkwe na mkazamwana hawaelewani.

"Mbona hukunambia?" akauliza Miraji.

"Nilikwambia. Ulisema ni mambo ya kwenu."

Basi likaingia Kingsbury. Balwinder akaliminya katika mtaa ambao haukuwa wa mabasi, akaacha taa zinawakawaka, na majirani wakachungulia mapazia. Wakashuka watatu: Miraji, Haifa, na Vuai nyuma yao. Vuai akawa anaitazama saa, maana tangu ile halua ya mchana hadi saa ile ulikuwa umepita muda mrefu.

Miraji akagonga mlango wa kijani.

Akafungua Alkesh, mtu wa makamo, tumbo mbele, kikombe mkononi. Kiswahili anakisikia kwa mama yake, lakini hujibu Kiingereza. Miraji akamweleza. Alkesh akamjibu kwa adabu kwamba pole sana, mama yake amelala, na nyumbani hamna mgeni. Akasema tena, hamna mtu. Akaanza kuurudisha mlango.

Haifa alikuwa kainamisha uso. Si kwa aibu. Alikuwa anatazama viatu.

Nyumba za Wahindi na nyumba zetu ni moja katika hili, viatu hubaki mlangoni. Palikuwa na makubadhi ya wanaume, malapa mawili, viatu vya kike vya kufunika. Na raba nyeupe, ya kushoto imefungwa utepe mwekundu.

"Ule utepe nimeufunga mimi," Haifa akasema.

Alkesh akatazama chini. Uso ukamshuka. Kutoka ndani ikaja sauti, kwa Kiswahili safi, ikimwambia mwanawe ampishe.

Lata alikuwa mdogo kwa umbo, sari nyeupe, miwani mizito. Akasimama kizingitini, mkono mmoja kaushika mlango usifunguke zaidi. Akamtazama Miraji kuanzia miguuni.

"Miraji wa Hurumzi. Umekuwa mnene. Ulikuwa kitoto kikavu, chalia tu."

Miraji akamwambia hana haja ila mama yake. Akamwonyesha mkoba, akaanza kueleza habari ya dawa. Lata akainua kiganja.

"Kwanza nisikie. Yale mapinduzi ulikuwa mchanga, hukumbuki. Mlango wenu uligongwa. Mama yako akasimama hivi nilivyosimama, akasema hamna mtu. Mimi na dada yangu tuko chini ya kitanda. Wewe uko juu ya kitanda, na yeye alikuwa kakufinya kabla ya kufungua, ulie kwa nguvu, wasisikie pumzi zetu. Leo na mimi nimesema hamna mtu. Viatu tu nimesahau kuvificha. Mama yako hakuvisahau vyetu."

"Mama Lata, mimi si mtu wa bunduki. Mimi mwanawe."

"Wale wa bunduki walisema walichokijia. Wewe mama yako umemficha," Lata akajibu.

Miraji akapiga magoti. Akawa sawasawa na vile viatu. Ndipo sauti ya mama yake ilipotoka chumba cha ndani, nyembamba, imekauka kidogo kama ya mtu mwenye kiu.

"Nyumba yangu imeanguka lini?"

"Masika, mama."

"Na huu mwezi gani?"

"Wa tisa."

Mahali fulani ndani sufuria ilifunikwa.

"Basi umekula nami sahani moja tangu masika," Bi Mwanabaraka akasema. "Nilikuwa nakwambia rangi ya chokaa, wewe unatafuna."

"Nilitaka uambiwe ukifika, mama."

"Nifike wapi?"

Miraji akaanza kusema, maneno yakimwagika. Kwamba ndege hapandi. Kwamba kesho asubuhi anakwenda kwa mwanasheria, wataomba viza iongezwe, wataomba chochote. Kwamba Michenzani ilikuwa ya muda tu. Akasema kesho, akasema kesho tena. Aliyasema yote hayo kwa mlango uliofunguliwa nusu na bibi wa sari nyeupe.

"Haifa yupo?" ikauliza ile sauti.

"Nipo, mama."

"Ingia. Wewe peke yako."

Haifa akauchukua mkoba kwa mumewe. Miraji akaushikilia kidogo, akauachia. Haifa akavua viatu, akaviweka kando ya zile raba, akapita chini ya mkono wa Lata. Lata akaokota viatu vyote vya kike, jozi kwa jozi, akavikumbatia. Akafunga mlango.

Mumewe alibaki na kanga.

Sasa nikwambie walivyoishia, kila mtu na lake.

Sindano ilichomwa usiku ule kwa wakati, na nyingine asubuhi. Bi Mwanabaraka hakuugua. Ndege ya Jumatatu iliruka na kiti chake kitupu, na sanduku lake kubwa lilibaki Wembley limefungwa kamba, na jina la Hurumzi limeandikwa juu.

Balwinder aliwafikisha watu Wembley akiwa keshapitisha saa zake, kile kidubwasha kikaandika, akasimamishwa kazi hadi Krismasi.

Bi Zainab alirudi Leicester. Hapokei simu.

Vuai alisema mwakani atawahesabu wanawake mwenyewe, kiti kwa kiti. Wanawake wakamwambia mwakani hawaendi.

Haifa hakurudi nyumbani. Jumanne alituma mtu akachukue nguo zake na ile nusu ya boksi la dawa iliyokuwa kwenye friji.

Miraji alikwenda kwa mwanasheria kama alivyosema. Mwanasheria alimwambia mambo bado yanawezekana, ila mhusika aje mwenyewe atie saini kabla ya Ijumaa. Akaenda Kingsbury kumwambia mama yake. Hakufunguliwa. Akaenda tena baada ya kazi, akakaa upande wa pili wa mtaa, kanga kaiweka mfukoni mwa koti. Viatu havikai tena mlangoni pale. Akaandika maneno ya mwanasheria kwenye karatasi, akaisukuma chini ya mlango.

Aliyeiokota ni Alkesh. Akaisoma, akaikunja, akaitia mfukoni, hakumwambia mama yake wala mgeni wake. Nyumba ni yake, biashara ni yake, na tarehe aliyoisoma ni ya Ijumaa; ikipita, atakayeulizwa juu ya mgeni ni yeye.

Alhamisi mchana alifunga duka la sufuria, akapiga simu ofisi ya uhamiaji, akauliza mtu ambaye viza yake inakwisha huripotiwa vipi. Wakamuuliza yuko nyumba gani.

Akawatajia mlango wa kijani.